Safari ya mlima ikiharibika katikati ya siku: dalili, chanzo na la kufanya

Mwongozo huu ni wa kundi linalotoka Dodoma au Singida kwenda kutembea kwa miguu siku moja na kurudi: kupanda Mlima Hanang kutokea mji wa Katesh, kutembea na askari wa hifadhi kule Ruaha, au kuzunguka vilima vyenye michoro ya miambani Kolo, Kondoa. Umepangwa kwa kufuata malalamiko yanayosikika kwanza, kwa sababu mlimani hakuna anayekuja na jina la ugonjwa. Anakuja na "kichwa kinaniuma", "miguu imekataa", au hasemi kitu na wenzake ndio wanaogundua.

Shida ni kwamba lalamiko moja huwa na vyanzo vinavyopingana. Kichwa kinachouma kwa kukosa maji na kinachouma kwa kunywa maji kupita kiasi vinafanana sana, ila dawa ya kimoja ni sumu ya kingine. Kwa hiyo kabla hujampa mtu chochote, mkalishe kivulini umuulize mambo manne:

1. Amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi? Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa saa ngapi, na mkojo ulikuwa wa rangi gani?
2. Amekula nini, na lini? Kuna dawa anazotumia kila siku?
3. Mko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na mlianza kupanda saa ngapi? Simu yenye GPS inatoa mita bila mtandao.
4. Leo ni siku gani, na gari mmeliacha wapi? Kisha atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma.

Akikwama kwenye swali la nne, ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya "Anaongea hovyo". Mengine yatasubiri.

Kichwa kinauma

Hili ndilo lalamiko linalotibiwa vibaya kuliko yote. Kwa kuwa Hanang ina urefu wa mita 3,420 hivi, kila kichwa kikiuma watu husema ni mwinuko. Mara nyingi si kweli. Mwinuko huanza kusumbua kuanzia kama mita 2,500, na kwa kawaida dalili huchukua saa 6 hadi 12 kujitokeza. Mtu aliyeanza kupanda saa 12 asubuhi, kichwa kikamshika saa 3 akiwa bado kwenye miti ya chini, ana tatizo jingine.

Anza na ukavu wa mwili. Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au hajakojoa kabisa, midomo imekauka, akisimama ghafla anaona giza. Chanzo huwa ni chombo kuliko uzembe: maji yote ya kundi yamo kwenye kidumu cha lita 5 kinachobebwa kwa zamu, na anayekibeba yuko mita 200 nyuma. Hakuna anayekunywa. Kila mtu abebe maji yake, kwenye chupa anayoweza kuifikia bila kuvua begi. Kwa Hanang hesabu lita 4 hadi 5 kwa mtu, na usitegemee kupata maji njiani. Ndiyo, ni kilo 4 au 5 mgongoni, ila mzigo huo unapungua kila saa.

Ameshakauka tayari? Mpumzishe kivulini, anywe nusu lita kwa dakika 20 hadi 30, kidogo kidogo, kisha robo lita kila robo saa mpaka akojoe. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ni bora kuliko maji matupu, lakini soma pakiti. Pakiti ya lita 1 ikimiminwa yote kwenye chupa ya mililita 600 inakuwa chumvi kali, na mgonjwa ataitapika. Kama hakuna pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Onja. Isiwe na chumvi kuzidi machozi.

Mtu aliyekauka asipewe diclofenac. Dawa hiyo imo karibu katika kila begi la safari nchini, na watu huimeza kwa kichwa, goti, mgongo, hata kwa kinga. Mwili ukiwa mkavu, inaweza kuumiza figo. Kwa kichwa tumia paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mtu mzima, baada ya kuanza kumnywesha maji.

Sasa upande wa pili. Pete imebana, vidole na kope zimevimba, mkojo mweupe kabisa na anakojoa kila mara, tumbo limejaa, anahisi kutapika. Huyu amekunywa maji matupu mengi kuliko jasho alilotoa, mathalani zaidi ya lita moja kwa saa kwa saa kadhaa mfululizo. Mara nyingi ni mtembeaji wa taratibu aliyeambiwa "kunywa maji, kunywa maji" na akatii. Chumvi katika damu yake imeshuka. Usimwongezee maji. Mpe karanga za chumvi, au mchemraba wa supu uliovurugwa kwenye nusu kikombe tu, na asubiri mpaka akojoe vya kutosha. Akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya hospitali.

Vyanzo vingine ni vyepesi. Mnywaji wa chai au kahawa aliyekosa kikombe chake cha alfajiri huanza kugongwa na kichwa mchana bila dalili nyingine yoyote. Kikombe kimoja kinamaliza kesi. Jua la shingoni nalo huumiza kichwa, hasa kwa wanaovaa kapelo, ambayo inakinga uso na kuacha masikio na kisogo wazi. Na kama maumivu yamekuja pamoja na baridi ya mwili na viungo kuuma tangu jana usiku, mtu huyo alikuja na homa yake kutoka nyumbani. Asipande, arudi akapime malaria.

Mwinuko wenyewe unautambua hivi: mko juu ya mita 2,500, kichwa kinauma, na kuna angalau kimoja kati ya kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, na maji na chakula havikubadilisha kitu. Simameni. Baada ya saa moja bila nafuu, ashuke. Kushuka mita 500 humrudisha mtu katika hali yake mpaka wengi wakashangaa. Akiyumba, au akihema hata akiwa amekaa, hakuna kusubiri saa nzima, anashuka hapo hapo na mtu wa kumsindikiza. Kauli ya "mwache hapa, tutampitia tukishuka" isitamkwe kabisa. Mtakaporudi, saa tatu baadaye, ukungu umeshuka na yeye ameamua kutembea peke yake.

Anaongea hovyo, anayumba, ana hasira zisizo na sababu

Mguse tumboni au mgongoni, chini ya nguo.

Ana moto: chukulia ni joto kali lililoushinda mwili. Usidanganywe na jasho. Mtu wa namna hii anaweza kuwa bado anatoka jasho. Hapa dakika ndizo zinazoamua. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu na viatu, mmwagie maji mwili mzima, hata kama ni maji yenu ya kunywa. Mpepee kwa kanga au kipande cha boksi bila kuacha. Nguo zilizolowa ziwekwe shingoni, makwapani na kwenye kinena, na zibadilishwe zikipata moto. Endelea mpaka aanze kuzungumza sawasawa. Paracetamol haisaidii hapa, kwa kuwa hili si joto la homa. Asinyweshwe maji kama hawezi kushika kikombe mwenyewe, mlaze ubavu. Mtu mmoja apige simu wakati wengine wanapepea. Hata akizinduka, siku yake ya kutembea imekwisha, aende hospitali.

Hili ni tatizo la Ruaha kuliko la Hanang, hasa Septemba hadi Novemba kabla mvua hazijashuka. Kutembea huko kuanze kunapopambazuka na kuishe kufikia saa 4 asubuhi. Wanaofika getini saa 3 kwa sababu ya foleni ya malipo, kisha wakadai "saa zetu tatu" za kutembea, wanajipangia shida wenyewe. Malipo ya hifadhi za taifa hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo yamalizeni mapema, na kila Mtanzania awe na kitambulisho cha taifa mkononi.

Ana ubaridi: yuko juu, upepo unavuma, fulana imelowa jasho. Kileleni Hanang huwa na baridi kuliko Katesh kwa karibu nyuzi joto 10, na watu waliozoea Dodoma hupanda na fulana moja ya pamba. Dalili za mwanzo ni vidole kushindwa kufunga zipu, maneno kukwama, kujikwaa mara kwa mara. Mvue kilicholowa, mvalishe kikavu, mfunike kichwa, mwekeni mahali pasipo na upepo, mpe kitu chenye sukari, kisha mshuke naye. Akiacha kutetemeka lakini bado ni wa baridi na amechanganyikiwa, hajapona, hali imezidi. Mfunge kwa nguo zote mlizonazo, achukuliwe kwa utaratibu bila kusuguliwa mikono na miguu, na ombeni msaada.

Joto lake ni la kawaida lakini anatetemeka, anatokwa jasho jembamba, na anatumia dawa za kisukari: sukari imeshuka. Nusu chupa ya soda ya kawaida (zile zisizo na sukari hazifai kitu), au vijiko 4 vya sukari kwenye maji. Rudia baada ya robo saa kama hajabadilika, kisha ale chakula kamili.

Wanatapika

Hesabu wangapi. Akitapika mmoja, rudi kwenye maswali manne ya juu. Wakitapika watatu ndani ya saa ile ile, tafuta walichokula pamoja, na mshtakiwa wa kwanza ni wali. Pilau iliyopikwa jana jioni, ikafungwa ya moto kwenye hotipoti na kusafiri usiku kucha kwenye Coaster, hukaa kwenye uvuguvugu unaozalisha vijidudu vyenye sumu isiyokufa hata ukiupasha upya. Kutapika huanza saa 1 hadi 6 baada ya kula, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Wapeni ORS kwa vijiko, si kwa glasi, na kundi ligeuke. Mtu anayetapika hana nguvu ya kupanda wala ya kushuka gizani.

Chakula kinachostahimili begi: karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha ya asubuhi ile ile yakiwa na maganda yake, chapati kavu, viazi vitamu, zabibu kavu, ndizi. Kula kidogo kila saa moja na nusu. Anayesubiri "lanchi kileleni" huishiwa nguvu saa mbili kabla ya kilele, halafu anasingizia mwinuko.

Soli imebanduka

Viatu vya mlima vya mtumba vinavyouzwa Sabasaba pale Dodoma vinaweza kuwa vizuri kwa macho na vimeoza ndani. Sehemu laini ya katikati ya soli, mara nyingi povu la poliurethani, huchakaa kwa umri na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikikaa miaka kabatini Ulaya kisha kikafika kwako, soli inaweza kung'oka yote ndani ya saa chache za mteremko.

Pima kabla ya kununua na tena wiki moja kabla ya safari: bonyeza povu kwa ukucha wa kidole gumba. Likiacha shimo lisilorudi, au likimeguka unga, kiweke chini. Kunja kiatu kwa nguvu mara ishirini na uangalie mstari wa gundi pembeni ya vidole. Kisha kivae, upande ngazi au kilima kidogo kwa saa mbili ukiwa na begi.

Kikifia njiani, solotepu peke yake haifiki mbali kwenye mawe. Kinachoshika ni ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kata mikanda mitatu yenye urefu wa mita 1 hivi. Mmoja uzungushe mbele kwenye vidole, wa pili katikati ya unyayo ukipanda juu ya kamba, wa tatu utoke chini ya kisigino ukafungwe kifundoni. Vuta mpaka mpira unyooke kabla ya kufunga fundo, na fundo likae juu ya kiatu, si pembeni. Mikanda hiyo haizidi uzito wa soksi. Kagua na kiatu cha pili wakati huo huo, maana vilitengenezwa siku moja.

Malengelenge, kucha, magoti

Lengelenge halianzi kama lengelenge. Linaanza kama sehemu moja yenye moto ndani ya soksi, na hapo ndipo pa kusimama, hata kama kundi linaguna. Vua, kausha, toa mchanga, bandika plasta pana isiyo na mikunjo. Likishajaa maji na ni dogo, liache. Likiwa kubwa na linazuia kutembea, safisha, toboa pembeni kwa sindano safi, kamua, acha ngozi ya juu ibaki, funika. Chanzo ni soksi ya pamba iliyolowa au kiatu kilichovaliwa mara ya kwanza siku ya safari. Kucha zinazokuwa nyeusi baada ya kushuka zilikuwa ndefu, au kamba zililegea na mguu ukawa unateleza mbele. Kata kucha siku mbili kabla, na ufunge kamba upya kabla ya kuanza kushuka.

Magoti huuma wakati wa kushuka, na watu hushangaa kwa sababu kupanda walikuwa sawa. Misuli ya mapaja ikishachoka, haishiki tena uzito na goti linapokea lote. Fupisha hatua, kunja goti kidogo kabla ya kukanyaga, tumia fimbo mbili (zije kutoka nyumbani, ndani ya hifadhi hakukatwi mti). Kuruka kutoka jiwe hadi jiwe kwa sababu "tumechelewa" ndiko kunakovunja vifundo.

Misuli ikikaza ghafla, nyoosha polepole na ushikilie nusu dakika, kisha ORS.

Saa zinakimbia, kilele hakisogei

Mtembeaji mzoefu hupanda karibu mita 600 za mwinuko kwa saa. Kundi mchanganyiko la wafanyakazi wenza kutoka ofisini hupanda kama 300. Kutoka Katesh hadi kilele cha Hanang ni zaidi ya mita 1,600 za kupanda, kwa hiyo hesabu saa 5 hadi 7 kwenda juu na 4 hadi 5 kurudi. Jua kanda hii huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 usiku, kutegemea mwezi, na giza huingia ndani ya nusu saa baada ya hapo. Weka saa ya kugeuka kabla hamjaanza: saa 7 mchana, popote mtakapokuwa. Itangazeni kwa kila mtu chini, maana mita 150 kabla ya kilele hakuna anayesikiliza hesabu.

Kipimo cha mapema ni hiki: baada ya saa mbili za kutembea, angalia mita. Mkiwa mmepanda chini ya 500, kilele cha mchana hakipo tena. Chagueni hapo hapo sehemu nzuri ya kufika na kugeukia, mkiwa bado na nguvu za kuifurahia.

Vyanzo vya kuchelewa vinajulikana. Cha kwanza ni usingizi: Dodoma hadi Katesh ni zaidi ya kilomita 300 kwa njia yoyote ile, ya Singida au ya Kondoa na Babati. Kuondoka saa 4 usiku ili mpande alfajiri ni kuokoa pesa ya gesti na kulipa kwa miguu. Na dereva aliyekesha ndiye atakayewarudisha usiku wa pili. Laleni Katesh. Cha pili ni kupumzika vibaya. Wa mbele wanakaa dakika 15, wa mwisho anafika, wao wanainuka. Anayehitaji mapumziko kuliko wote hapati hata dakika moja. Mweke mtembeaji wa polepole nafasi ya pili, nyuma ya mwongozaji, kundi lifuate mwendo wake, na pumziko liwe dakika 5 kila saa. Mtu mmoja mwenye nguvu abaki mkia siku nzima.

Kila mtu awe na tochi ya kichwani. Tochi ya simu inakula chaji mtakayoihitaji kuitia msaada, na inachukua mkono mmoja wakati mnaihitaji yote miwili.

Njia imepotea

Kwenye miteremko ya chini ya milima ya huku, njia za mifugo ni nyingi na nyingine ni pana kuliko njia ya wapandaji. Njia ya ng'ombe hujigawa, hukata mlima kwa ubavu na kuishia kwenye majani au maji. Kama dakika 10 zimepita hamjapanda wala kushuka, na kuna kinyesi kila mahali lakini hakuna alama za viatu, mmeikosea. Rudini mpaka mahali pa mwisho mlipokuwa na hakika napo. Msikate njia ya mkato.

Ukungu ukishuka mkiwa kwenye mgongo wa mlima, kaeni pamoja kwa umbali wa kuonana na msubiri nusu saa. Mara nyingi hufunguka. Mkilazimika kusogea, fuateni mgongo. Korongo linavutia kwa sababu linaelekea chini, ila huishia kwenye genge, na ukishateleza ndani kurudi juu ni kazi ya saa nzima. Filimbi: milio mitatu, dakika ya ukimya, milio mitatu tena. Ramani ya simu pakueni kabla ya kuondoka, na simu iwe kwenye hali ya ndegeni. GPS inaendelea kufanya kazi, na betri haiishi kwa kutafuta mnara.

Mvua, radi, tope

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kama Novemba au Desemba hadi Aprili, na ngurumo hupenda mchana na alasiri. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Sekunde 3 ni kama kilomita 1. Chini ya 30, tokeni kwenye mgongo na kileleni. Msisimame chini ya mti wa peke yake, hata uwe mbuyu mnene kiasi gani. Achaneni kwa mita 15 hivi, na msubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.

Kuhusu tope, hakuna mjadala. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Hanang yalishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, ahirisheni, hata kama asubuhi hiyo anga ni safi. Mkiwa tayari mlimani, dalili ni kijito kuchafuka ghafla au kupungua maji wakati mvua inanyesha, mlio mzito usiokoma, nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama upya. Tokeni kwenye bonde kwa ubavu na kupanda. Msikimbie kufuata bonde.

Makorongo ya mchanga huku chini nayo hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali. Maji ya kahawia yaliyofika magotini hayavukwi, na kwa Noah ni hivyo hivyo.

Nyuki, nyoka na wakubwa wenye nyumba

Nyuki ndio wanaosahaulika. Hii ni nchi ya asali, na mizinga imetundikwa kwenye miti mingi. Nyuki wawili watatu wakikugonga kichwani bila kuuma, hilo ni onyo: rudi ulikotoka kimya kimya. Wakishambulia, kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono, fulana ikiwa imefunika uso, mita mia kadhaa au mpaka ndani ya gari lililofungwa. Toa miiba haraka kwa kukwangua. Kuvimba midomo, kupumua kwa shida au vipele mwili mzima ni hospitali mara moja, hata kama ameumwa na nyuki mmoja.

Nyoka akiuma: tulia, vua pete na saa, funga kiungo kwenye gongo kisiinamike, mbebe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Pigeni simu hospitali mnakoelekea kuuliza kama dawa ya sumu ipo kabla ya kuamua ni hospitali ipi. Mate ya swila yakiingia machoni, osha kwa maji mengi robo saa au zaidi, bila kusugua.

Ruaha, kwa tembo, simba na nyati, utatuzi ni mmoja: askari akisema simama, simama. Mstari mmoja, kimya, hakuna kukimbia, na usikae kati ya kiboko na maji. Nguo za bluu na nyeusi huvuta mbung'o. Vaa kaki au kijani kilichopauka. Ukipata homa, au kidonda mahali ulipoumwa, siku au wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ulikuwa mbugani.

Kuita msaada

Hifadhi namba za mwongozaji, za ofisi ya hifadhi na za dereva kwenye simu tatu tofauti, na ziandike kwenye karatasi. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mahali ambapo simu inakatika, ujumbe mfupi mara nyingi hupita. Wakienda watu kutafuta mtandao, waende wawili, kwenye mgongo ulio wazi upande wa mji, na wabebe ujumbe ulioandikwa tayari, kwa mfano:

"Tuko 9 Hanang, njia ya Jorodom, mita 2,700. GPS: (namba). Mmoja, mwanamke 34, amevunjika kifundo saa 8:20 mchana, anaongea vizuri, hatembei. Maji lita 6, tochi 7, hakuna machela. Tunakaa hapa. Simu itawashwa kila saa kamili kwa dakika 10."

Mkiutuma, wawili hao wasiondoke hapo mpaka jibu liingie. Dakika kumi zilizoahidiwa zizingatiwe kila saa kamili bila kukosa, data ikiwa imezimwa na mwanga wa kioo umepunguzwa mpaka mwisho.